Sanduku la Ndoano Uliloniomba

S.L.P. 114,
Nkubu, Meru.
Jumapili, 19 Januari 2025.

Mpendwa ndugu yangu Gikunda,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Maxine na Maxine mwenyewe, na kwamba kile kikohozi ulichotuambia mwezi wa Desemba kimekwisha. Kama hakijaisha, tafuta tangawizi na asali, uache kutegemea vidonge peke yake. Sisi hatujambo. Mama ana magoti yake yale yale, lakini kanisani bado anafika kabla ya katekista. Shemeji yako Mukiri anakusalimia na kusema umenenepa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na mvua ya Novemba haikutunyima.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Siku hizi nani anaandika? Njoki, binti wa jirani yetu wa pale chini mtoni, anakuja huko Minnesota kusomea uuguzi, nami nimempa bahasha hii na kifurushi kidogo. Ningeweza kukupigia simu. Nimeshika simu mara tatu tangu mwaka uanze, na mara zote tatu nimekuuliza habari za hali ya hewa. Mama ndiye aliyeniambia nichukue kalamu, na nitakueleza kwa nini.

Ile video uliyotuma wakati wa Krismasi tumeitazama mpaka simu ya Mukiri ikaisha chaji. Mama hakuamini kuwa ule uwanja mweupe ni ziwa. Alipoona gari limeegeshwa juu yake alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu anatembea juu ya maji kama Petero?" akaniuliza. "Mwambie Petero alizama." Ujumbe wake ndio huo, nimekupa jinsi ulivyo.

Mimi niliitazama peke yangu tena, polepole. Nimekielewa kile kitego chenu. Ubao unalazwa juu ya shimo la barafu, kigurudumu cha uzi kinakaa chini majini kisigande, na samaki akivuta, kigurudumu kinazunguka na kibendera kinafyatuka. Nilimwona Maxine akikimbia kibendera kiliposimama, akateleza, akainuka, akakimbia tena. Mkavuta wote wawili, na ndoano ikatoka tupu. Nikamwona mtoto anavyotazama lile shimo.

Uliniandikia kwamba hao samaki mnaowaita walleye, wenye macho yanayong'aa kama ya paka, ni wajanja sana, wakihisi uzito kidogo tu wanatema chambo. Ukasema Baba alikuwa na dawa ya samaki wa namna hiyo kule bwawa la Kiambere, kwamba unaikumbuka fito na kitambaa chekundu, lakini ulikuwa mdogo na mafundo yamekutoka kichwani. Ukaniomba nikutumie lile sanduku lake la ndoano, ili Maxine ajue babu yake alikuwa fundi wa nini. Halafu ukamalizia kwa maneno yaliyoninyima usingizi: "Najua umelitunza."

Gikunda, sanduku halipo.

Haliko darini kwenye stoo ya kahawa, kama nilivyokuambia siku ile tulipomzika Baba. Halikuwa huko hata wakati nilipokuwa nikikuambia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea karibu miaka tisa, na imenichosha.

Nitakueleza yote, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Unakumbuka jinsi watu wa kwetu walivyowaona samaki. Nyanya alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyekimbilia majini. Baba ndiye aliyeuvunja mwiko huo, alipoajiriwa kazi ya ulinzi kule bwawani na kuishi na Wambeere, wenyeji wa huko, akala walichokula. Lakini alipokuja likizo, Mama hakumruhusu kuingiza samaki jikoni. Alipikia nje, nyuma ya ghala, kwa sufuria yake peke yake na kijiko chake peke yake. Wewe ulikuwa ukikaa naye pale na kula. Mimi nilikuwa nikipita mbali nikiwa nimeziba pua. Hilo nalo linanikaa rohoni.

Alipostaafu mwaka wa 2003 alirudi na lile sanduku la mbao lenye bawaba moja. Ndani yake mlikuwa na mishipi ya nailoni iliyozungushwa kwenye makopo ya maziwa ya unga, ndoano zilizochomekwa kwenye kipande cha ndala, nati za chuma za kuzamisha chambo, na vile vitambaa vyekundu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akishuka Kiambere kwa rafiki yake Mzee Salesio, na kurudi na kambare waliokaushwa kwa moshi. Wewe ulikuwa bwenini wakati huo. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, kifungua mimba, mwenye shati la kola na mambo yake.

Mwezi wa Agosti mwaka huo wazee wa kina Mukiri walikuja kuliona boma letu kabla ya mambo ya mahari. Babu yake Mukiri alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mila kwa wakati mmoja, na nilikuwa nimesikia anavyowasema watu wanaokula samaki. Asubuhi hiyo nilikuwa nimevaa suti ya kuazima na tai nyekundu niliyoinunua Meru. Nikaingia chumbani mwa Baba kutafuta kiti cha ziada. Harufu ikanipiga usoni. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, na juu yake karatasi yenye kambare wawili.

Sikufikiri, ndugu yangu. Au nilifikiri, lakini vibaya. Ningeweza kulificha kwa jirani. Ningeweza kulipeleka shambani. Nililibeba pamoja na wale samaki, nikapita nyuma ya nyumba, nikalitupa kwenye choo cha shimo. Halikuingia mara moja. Nililisukuma kwa mguu.

Baba alikuwa akichana nywele mbele ya kile kioo cha barazani. Sijui kama aliniona.

Sasa nikuambie jambo la kuchekesha, kama linachekesha. Wazee walipokaa, wakanywa uji, wakasifu migomba, yule babu yake Mukiri akamgeukia Baba: "Tumesikia wewe ni mvuvi wa Kiambere. Na hujatuwekea hata mkia? Hii meno yangu imechoka na nyama." Wote wakacheka. Mukiri naye, ambaye nilikuwa namkinga na harufu, alikuwa amesoma Embu na alikuwa akila tilapia kila Ijumaa. Mpaka leo akienda sokoni hapa Nkubu harudi bila samaki, na anawakaanga jikoni mwangu nikiwa nimekaa. Nilitupa sanduku la baba yangu kwa ajili ya aibu ambayo haikuwa na mwenyewe.

Baba alijibu kwamba samaki wa mwezi ule walikuwa wachache. Kisha akaniangalia, mara moja tu, akarudi kwenye mazungumzo.

Wageni walipoondoka aliingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka. Nilikuwa nimeketi mezani nimejiandaa kwa ugomvi. Aliniomba chumvi. Hakuniuliza siku hiyo, wala siku nyingine yoyote katika miaka kumi na mitatu aliyobaki nayo. Angenipiga ningepona. Kila mwisho wa mwezi nilimwona akizunguka migomba yake wakati ambao angekuwa safarini, na mimi sikufungua kinywa. Nilijiambia kwamba amezeeka, amechoka na safari. Ndivyo nilivyowaambia watu pia.

Kile choo tulikifunga mwaka wa 2006 na kupanda migomba juu yake, kama watu wanavyofanya. Ndiyo ile migomba mikubwa unayoisifu kwenye picha.

Basi ujumbe wako ulipofika, nikakaa nao wiki mbili. Nilifikiria kununua sanduku la zamani pale soko la Gakoromone na kulijaza ndoano mpya. Naona aibu kukuandikia hilo, lakini ni kweli, hata bei niliuliza. Kisha nikamweleza Mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakuniangalia. Alichambua mpaka akamaliza lile sinia, ndipo akasema, "Enda Kiambere ujifunze. Halafu mwandikie ndugu yako kwa mkono wako, si kwa simu. Simu mtu anaweza kukata." Nikaondoka Jumatano.

Nilimkuta Mzee Salesio pale pale anapokaa, upande ule wa bwawa wenye mawe, akiwa na mkewe Wambura anayekaanga samaki kwa watu wa sokoni. Amezeeka, meno machache, lakini macho ni makali. Sikuwa nimewahi kukutana naye ana kwa ana, kwa sababu mazishini mimi ndiye niliyechelewa kumtumia habari. Nikajitaja kuwa mimi ni Kithinji, mtoto mkubwa wa Mzee Kiogora. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatazama nyuma yangu, akatazama chini miguuni pangu.

"Na sanduku iko wapi?" akaniuliza.

Nilidhani ameshajua. Kumbe hakujua kitu. Alinieleza kwamba mwaka ule, baada ya Agosti, Baba alikuja mara ya mwisho, mikono mitupu. Hakuvua. Alikaa naye juu ya mawe mchana mzima, wakala, wakaagana. Salesio alipomuuliza vyombo vyake viko wapi, Baba alimjibu hivi, na nimeyaandika kama nilivyoyasikia: "Sanduku nimeachia kijana yangu mkubwa. Ile siku atakuja nayo, wewe mfundishe."

Gikunda, alijua. Alijua na akanifunika. Na tena hakunifunika tu, aliniachia nafasi. Mzee wa watu akangoja zaidi ya miaka ishirini nije na sanduku ambalo baba yangu alisema ameniachia.

Nililia pale, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya Wambura na wateja wake. Nikamwambia Salesio ukweli wote, choo na kila kitu. Alitema mate pembeni. Nilifikiri atanifukuza, na ningemwelewa. Kisha akamwita mkewe. "Mama, lete hiyo kisu. Huyu tutaanza naye na kukata fito."

Sasa nikufundishe nilichofundishwa, ukisome na Maxine mkiwa na uzi mkononi.

Kitego cha Baba kilikuwa kigingi kimoja kinene kilichopigwa kwenye tope kando ya maji, na fito moja laini yenye kitambaa chekundu nchani. Fito inapindwa mpaka chini, inashikwa kwenye mkato wa kigingi kwa kijiti kidogo sana, na kijiti hicho kimefungwa kwenye mshipi. Samaki akivuta, kijiti kinachomoka, fito inasimama, kitambaa kinaonekana hata ukiwa mbali unapika chai. Hapo hakuna siri. Hata chenu ndivyo kilivyo.

Siri iko kwenye kopo. Baada ya kile kijiti, Baba aliacha pima kumi za mshipi, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, zimelegea, zimezungushwa kwenye kopo lililolala ubavu, mdomo wake ukitazama maji. Samaki akishachomoa kijiti hahisi kitu tena. Anaondoka na chambo akidhani amekiiba. Salesio anasema kigurudumu chenu kizunguke kwa urahisi vivyo hivyo, na kile kinachozuia kibendera kikazwe kidogo mno, kiasi kwamba ukikigusa kwa unyoya kinafyatuka. Nilipomwonyesha video yako alisikia mlio wa kigurudumu mnapokishusha akatikisa kichwa. "Hiyo inalia. Samaki anasikia. Aondoe kutu, aweke mafuta, lakini si ya kunuka."

Ncha ya mshipi, pima moja ya mwisho, iwe ya uzi mwembamba usioonekana majini. Ndoano iwe ndogo kuliko unavyodhani. Uzi upite kwenye tundu la ndoano mara mbili, ujizungushe wenyewe mara tano, urudi chini ya duara la kwanza. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate. Nilikaza moja bila mate, Salesio akalivuta kwa vidole viwili likakatika. Uzito, ile nati, ukae mkono mmoja juu ya ndoano, si karibu, ili samaki wa chambo aogelee kwa nafasi. Huyo wa chambo ndoano impite mgongoni chini ya pezi, bila kugusa uti, abaki hai. Kwanza pima kina mpaka nati iguse chini, kisha pandisha chambo kama urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Hao wakubwa wanapita hapo, jua likikaribia kuzama.

Tulitega vitatu alasiri hiyo. Cha kwanza kilisimama hata chai haijapoa. Nilikimbia kama Maxine, nikaukamata mshipi, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ndoano ikaja tupu, na chambo kimetafunwa nusu. Salesio alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wee! Unavuta nini na bado anaonja? Wacha aende nayo kwanza. Ataenda, atasimama, atameza. Akianza kuenda tena, hapo sasa ni wako."

Cha pili kiliposimama alinishika shati kwa nyuma, kwenye kola, kama mtu anayeshika mbuzi. Mshipi ukatoka kwenye kopo, mzunguko baada ya mzunguko. Ukasimama. Nilikuwa na hakika ameshatema, ameshakwenda, nimeshampoteza. Salesio hakuniachilia. Kisha mshipi ukaanza kutembea tena, polepole, akaniachia kola, nikavuta mkono baada ya mkono.

Alikuwa kambare wa urefu wa mkono wangu. Wambura alimpika kwa nyanya na kitunguu, akanipa kichwa, kama mgeni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kula samaki nikiwa nataka. Alikuwa mtamu. Nilitamani sana Baba angekuwa pale, si anisamehe, bali tu aniangalie nikila.

Katika kifurushi utaona kopo la maziwa ya unga lenye mshipi, na mwishoni ndoano tatu na nati moja. Nati ni ya Salesio, alipewa na Baba. Ndicho kitu pekee cha Baba kilichobaki, na kimetoka kwa mtu baki, si kwangu. Fito sikutuma, najua uwanja wa ndege wangeichukua. Mafundo ni yangu. La tatu limekaa vibaya, lirudie.

Kitambaa chekundu kimetoka kwenye ile tai niliyovaa siku ya wazee. Nilikuwa nimeihifadhi miaka yote, sijui kwa nini. Mukiri aliniona nikiikata kwa mkasi, naye alikuwa hajui habari hii mpaka wiki iliyopita. Alikuja akashika ncha ya pili ili nikate sawasawa.

Nina ombi moja. Usimwambie Maxine kwamba hiki ni cha babu yake. Cha babu yake kiko chini ya migomba, na ni mimi niliyekiweka huko. Mwambie ni cha baba yake mkubwa, ambaye alisubiriwa miaka mingi na akafika mikono mitupu. Ukiona bado ni mdogo kwa maneno hayo, mwambie tu kwamba kibendera kikisimama asikimbie.

Mama anakubariki wewe na nyumba yako, na anasema mtembee kando kando ya hilo ziwa, katikati muwaachie wenye magari. Mukiri anamsalimia Mama Maxine na anamtumia njugu. Mzee Salesio na Wambura wanawasalimu bila kuwajua, na wanauliza kama hao walleye wana miiba mingi. Majirani wote wa pale chini wanakutakia heri. Mungu aliyewalinda mkivuka bahari awalinde pia juu ya barafu, na awape meza ambayo hakuna anayekula nyuma ya ghala.

Kuhusu mimi na wewe, usijibu haraka. Kama ni kukasirika, kasirika kwanza. Kama ni kunyamaza, nyamaza mwaka mzima, una haki. Sitakupigia simu kukuuliza hali ya hewa, wala sitamtuma Mama akuulize. Mshipi ni mrefu, na safari hii sivuti. Nitangoja.

Ni mimi ndugu yako mkubwa nikupendaye, ingawa sikukutunzia ulichoniamini nacho,

Kithinji.